Mbuyu Mmoja, Misimu Mingi



Jioni hii naomba tuutazame mbuyu kwa mwaka mzima. Mvua zinapokaribia, mti uliokaa mtupu kiangazi chote huanza kuchipua. Majani ya mwanzo wa msimu huwa na vijani viwili au vitatu tu, tena hupukutika mapema. Yaliyokomaa, yenye vijani vitano hadi saba, huja baadaye. Mche nao hukaa muda mrefu na majani yasiyogawanyika. Ua hufunguka jua linapozama, popo huja usiku, na kesho yake limekwisha nyauka. Buyu huchukua karibu nusu mwaka kukomaa, na likiwa tayari, mara nyingi majani yameshapukutika.

Sasa fikirieni mtaalamu aliyepita mara moja tu, akakata tawi, akalikausha, akalipeleka kwenye hifadhi ya mimea. Akija msimu wa maua, hapati tunda lililokomaa. Akija wakati wa mabuyu, huenda asikute jani. Akiwahi mno, atabeba majani ambayo mti wenyewe utayakana baada ya wiki chache. Kisha tawi hilo linalinganishwa kabatini na matawi ya nchi nyingine, kila moja limekatwa kwa mwezi wake. Hapo ni rahisi mno tofauti ya tarehe kusomwa kama tofauti ya spishi.

Tuone jinsi mbuyu wetu ulivyowahi kugawanywa. Mtaalamu wa mimea Linnaeus aliupa mbuyu wa Afrika jina Adansonia digitata mwaka 1759. Mwaka 1906 mwanabotania Auguste Chevalier alitenga spishi nyingine, mojawapo A. sphaerocarpa, ya matunda ya mviringo. Leo inahesabiwa kuwa mbuyu uleule. Wala haishangazi: aliyeokota mabuyu Kilifi au Dodoma anajua kuwa miti miwili jirani inaweza kuzaa marefu na mafupi. Mwaka 2012 Jack Pettigrew na wenzake walitangaza A. kilima, mbuyu wa miinuko, wakitegemea maua, chavuo na kromosomu. Mwaka 2016 Glynis Cron na wenzake walichunguza upya, wakaona ushahidi hautoshi, wakairudisha ndani ya A. digitata.

Mjadala huo haukuhusu misimu. Hata hivyo unagusa jambo ninalolitetea: hatuwezi kusema miti miwili inatofautiana kiasi gani kabla ya kujua mti mmoja unabadilika kiasi gani. Kazi hiyo haihitaji maabara ya gharama kubwa, na sisi tunaoishi na mibuyu tuna nafasi ambayo mgeni wa wiki mbili hana.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wa botania: mti mmoja upewe namba moja. Mkate tawi majani ya kwanza yanapochipua, mkate tena wakati wa maua, majani yakikomaa, na buyu likiiva. Andikeni tarehe, mwinuko na hali ya mvua, na karatasi zote nne zilizobandikwa matawi hayo zikae kwenye jalada moja.