Sakitu Isiyokuja

Somo: Mhubiri 3:1–8

 

Mwaka mmoja mama mmoja wa ushirika wetu hapa Kegonga aliletewa na mwanawe aliyekuwa ng'ambo pakiti ya mbegu za petunia. Haya ni maua laini yenye umbo la tarumbeta, mengine ya zambarau, mengine meupe. Mama alitaka kuyapanda mbele ya kanisa. Akaniletea pakiti nimsomee. Iliandikwa kwamba miche ipandwe nje baada ya sakitu ya mwisho kupita. Nikamwambia, "Mama, tungoje."

Tukangoja. Mvua ya Machi ikaanza, majirani wakapanda mahindi. Aprili ikapita, na Mei. Pakiti ilikuwa bado kabatini.

Ndipo akaja mgeni, mkulima kutoka Kinangop. Alipoiona pakiti akacheka. Akatueleza kwamba sakitu ni unyevu wa hewani ulioganda ukawa barafu. Kwao huja hasa katika miezi mikavu ya Desemba hadi Februari, usiku usio na mawingu wala upepo, wakati joto la ardhi linapopanda juu na baridi kutuama mabondeni. Asubuhi majani huwa meusi kana kwamba yameunguzwa na moto. Naye aliwahi kupoteza viazi vyake kwa usiku mmoja. Hata mwaka 2012, mwezi wa Januari, sakitu iliunguza majani ya chai huko Kericho na Nandi.

"Kwetu ni lazima kungoja," akasema. "Lakini ninyi huku chini, sakitu ya mwisho mtaijuaje, na hata ya kwanza hamjaiona?"

Wapendwa, pakiti haikusema uongo. Iliandikiwa watu wa nchi nyingine. Saa ya Kegonga ni mvua. Mbegu za petunia ni ndogo kama vumbi; hunyunyizwa juu ya udongo laini ndani ya sanduku, bila kufukiwa, maana zahitaji mwanga. Zikiwekwa barazani mwezi wa Januari, miche huwa tayari mvua ya Machi inapotulia. Mama alifanya hivyo mwaka uliofuata, na maua yakachanua.

Lakini maneno ya yule mgeni hayakuishia kwenye maua. Mimi nilikuwa sisemi na ndugu yangu kwa ajili ya mpaka wa shamba. Kila mara nilisema, "Nitakwenda hasira zikipoa. Nitakwenda akianza yeye." Usiku ule nilitambua kwamba nangoja sakitu isiyokuja. Kesho yake nikaenda. Shemeji akatupa uji, tukanywa pamoja, tukasameheana. Miezi saba baadaye tukamzika. Tulipata msimu mmoja tu.

Mhubiri asema kila jambo lina majira yake. Yeye yule, katika sura ya 11, atuonya kwamba anayeuchunguza upepo hatapanda. Maneno hayo mawili hayapingani. Mkulima wa Kinangop angojapo, ana hekima, kwa kuwa adui yake yupo kweli. Mimi nilipongoja, nilikuwa mwoga tu, nikiuita woga wangu hekima.

Ndugu msikilizaji, ni jambo gani umeliweka kabatini? Je, ni msamaha? Ni deni la kulipa? Ni mtoto uliyemfukuza nyumbani? Jiulize mbele za Mungu: sakitu ninayoiogopa, ipo kweli? Kama ipo, ngoja kwa saburi. Kama haipo, mvua imekwisha kunyesha. Ondoka ukapande.

Tuombe. Ee Bwana, mwenye majira yote, utufundishe kuijua saa tuliyopewa sisi, wala tusiipoteze. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.