Wakili wa Maskini Aliyekuwa Mwalimu



Nimeombwa kusema machache, nami nimechagua habari za mtu aliyelipwa kwa fedha za umma ili apingane na serikali mahakamani. Ndiye Charles Ogletree, Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Merced, California, mwaka 1952.

Kazi hiyo ina asili yake. Mwaka 1963 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya Clarence Gideon, maskini aliyefungwa bila kuwa na wakili, kwamba mshtakiwa wa kosa kubwa asiye na fedha sharti serikali impatie mtetezi. Ogletree alipohitimu sheria Harvard mwaka 1978, aliingia katika ofisi ya watetezi hao mjini Washington, na humo humo akawafundisha mawakili wapya.

Swali waulizwalo watu hawa mwalijua: wawezaje kumtetea mwuaji? Kwake halikuwa swali la barazani. Mwaka 1982 umbu lake Barbara, askari polisi huko Merced, aliuawa. Ogletree alilia msiba wake, kisha akarudi kazini kuwatetea watu walioshtakiwa kwa makosa ya namna ile ile. Wako watakaomwona mgumu wa moyo. Mimi simwoni hivyo, maana yeye mwenyewe hakulificha jambo hilo. Mwaka 1993 aliliandika waziwazi katika jarida la sheria la Harvard.

Alisema kwamba hoja za kuihalalisha kazi ni nyingi na ni njema, lakini hazimtoshi mtu kuamka nayo kila siku akiwa na mafaili tele na majaji wakali. Yeye alitegemeza mambo mawili: huruma, yaani kumjua mteja kama rafiki na si kama nambari ya kesi, na ushujaa, yaani hamu ya kumshinda aliye na nguvu zaidi. Hilo la pili, nakiri, lanitia shaka kidogo, kwani shujaa hupenda kutazamwa. La kwanza kila karani aketiye mbele ya foleni alifahamu.

Wala hakuishia kuandika. Akiwa mwalimu Harvard, mwaka 1990 alianzisha taasisi ambayo wanafunzi wake, chini ya usimamizi, waliwatetea maskini katika mahakama za Boston. Alifariki mwaka 2023. Taasisi ingaliko, na wanafunzi wangali wakienda mahakamani na wateja wao.