Tone la Maji Shingoni mwa Pampu

Mtu asimamaye darajani Garissa huona nchi kavu pande zote, na kando ya mto migomba na miembe ya kijani. Mvua ya huko kwa mwaka wa kawaida haifikii milimita 400. Mashamba yale huishi kwa maji ya mto Tana, nayo maji hupandishwa ukingoni kwa pampu.

Pampu nyingi kubwa zina shafti ipitayo katika shingo ya chuma, na hapo ndipo maji hutaka kutoka. Kwa hiyo shingo hujazwa ringi za kamba yenye grisi, iitwayo pakini, zikabanwa kwa nati. Mashua za injini za pwani, huko Lamu, zina shingo ya namna iyo hiyo pale shafti ya rafadha itokapo kwenda majini.

Wengi waonapo tone hushika spana na kukaza, hata tone likome. Hilo ndilo kosa. Tone lile si ugonjwa, bali ni dawa: hupoza shafti na kuilainisha. Kamba ikikauka huungua, na shafti huchimbika. Tena maji ya Tana yana matope mengi, yasuguayo kama msasa. Hivyo aliyetaka kuokoa kikombe cha maji hupoteza shafti nzima.

Maji yakizidi kumwagika ijapokuwa nati zimekazwa, kamba imechakaa. Yapasa injini izimwe, na kamba yote ya zamani itolewe kwa ndoano, hata ringi ya mwisho. Mpya isiwekwe juu ya kuukuu. Kisha shafti ipapaswe. Ukucha ukikwama katika mfereji, fundi aitwe, maana kamba mpya haitadumu.

Kamba hupimwa kwa kuizungusha kwenye fimbo yenye unene wa shafti, ikakatwa ringi moja moja. Isizungushwe kama nyoka. Viungo visifuatane: kimoja kikae juu, cha pili chini. Nati zikazwe kwa vidole, sawasawa pande zote. Pampu iendeshwe, ndipo zikazwe kidogo kidogo, hata libaki kama tone moja kila sekunde. Katika mashua matone huwa machache zaidi, na kazi yenyewe hufanywa chombo kikiwa nchi kavu, kwani shingo ikiwa tupu bahari huingia ndani.

Jambo hili si dogo. Pampu ikisimama wiki moja ya jua kali, vitunguu hunyauka, na watu hushuka na ndoo mtoni, palipo mamba.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye pampu na aongeze: ziba, lakini liache tone.