Namna ya kuokoa nyuso za wazee wetu katika kaseti za video



Halmashauri ya Yubile imeniomba nieleze namna picha za wazee zilizobandikwa ukutani zilivyopatikana. Zilitolewa moja moja katika kaseti za video.

Katika kaseti ya mwaka 1988 anaonekana katekista mmoja aliyekwisha kutuacha. Mjane wake hana picha nyingine ya uso wake. Mzee anageuka, anacheka, kisha anainama tena: ni sekunde mbili tu.

Kwa haraka yangu nilisimamisha kaseti ndani ya mashine, nikapiga picha ya televizyo. Nilikosea. Utepe ukisimama, ngoma yenye vichwa vya kusoma haisimami; katika mashine za namna ya Ulaya inazunguka mara 25 kwa sekunde, ikisugua mahali pale pale. Picha ilijaa mistari, na kama ningeendelea, ningeuharibu uso ule mwenyewe.

Njia iliyo bora ni hii. Kwanza, tuchungue utepe. Wenye ukungu usiingizwe, maana utachafua vichwa na kaseti zitakazofuata. Pili, tujue asili yake: kaseti ya SECAM, utaratibu wa Ufaransa, ikichezwa katika mashine ya PAL, mara nyingi hutoa picha isiyo na rangi. Tatu, tuunganishe mashine na kompyuta kwa kile kifaa kidogo kinachogeuza picha kuwa tarakimu; waya wa manjano huleta picha, mweupe na mwekundu huleta sauti. Kisha kaseti iende toka mwanzo mpaka mwisho bila kusimamishwa, kompyuta ikiyahifadhi yote. Kuchagua picha kutafanyika baadaye, kwa utulivu, pasipo kuugusa utepe tena.

Kila sekunde ina picha 25, na kila picha imefumwa kwa nusu mbili, mstari kwa mstari. Nusu hizo hazichukuliwi kwa wakati mmoja; kwa hiyo mtu akijongea, ukingo wa uso wake huonekana kama meno ya kitana. Tutafute basi nukta aliyotulia, ama tutumie nusu moja tu.

Tusitazamie makuu. Picha ya kaseti ikikuzwa sana hufifia. Leo kuna programu ziwezazo kuuchora uso upya, lakini sisi tulikataa: uso uliochorwa ungekuwa wa mtu mwingine. Mama yetu alipoletewa picha ile, ndogo na yenye ukungu kidogo, alinyamaza kwa muda mrefu, halafu akasema, «Ndiye».

Ndugu wapendwa, kampuni ya Funai ya Japani, iliyojulikana kuwa ya mwisho kutengeneza mashine hizi, iliacha kazi hiyo mwaka 2016. Zilizobaki zinazeeka, na kaseti zinazeeka pamoja nazo katika masanduku yenu, kwa joto na unyevu. Zileteni kungali mapema. Nyuso zilizomo humo ni za jamaa yetu sote.