Jina Lako Katika Kompyuta
Hotuba ya walimu wakimbizi katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, Nakivale



Kamati ilitutaka sisi walimu tuseme machache juu ya kompyuta na huduma za serikali. Wengine wetu walicheka. Watoto wanabanana kwenye dawati moja, chaki tunaivunja vipande viwili ili ifike Ijumaa, nasi tuhutubie juu ya kompyuta! Lakini hata kama sisi hatuna kompyuta, kompyuta inatujua. Inajua vidole vyetu kumi na macho yetu mawili, na mambo mengi tunayoyapata au kuyakosa hapa hupitia kwake.

Wale waliokuja zamani wanakumbuka kadi za karatasi. Kadi ililowa mvua, ilitafunwa na panya, iliazimwa, na tuseme kweli, iliuzwa. Mwanzoni mwa mwaka 2018 habari zikaenea kwamba katika hesabu ya wakimbizi wa Uganda mlikuwa na watu hewa. Kuanzia Machi hadi Oktoba mwaka huo Ofisi ya Waziri Mkuu na UNHCR wakatuhakiki upya katika makambi yote, kwa alama za vidole na kwa mboni za macho. Hesabu ya kwanza ilikuwa watu milioni 1.4 hivi, waliopatikana walikuwa kama milioni 1.1. Hatusemi kwamba wote laki tatu walikuwa wa uongo. Wapo waliorudi kwao, wapo waliohamia mijini, wapo waliokufa na jina halikufutwa. Hata hivyo mashine ilifanya kazi njema siku hizo: tangu hapo ni vigumu mtu mwingine kuchukua chakula kwa jina lako. Na mwaka 2019 serikali iliporuhusu laini za simu ziandikishwe kwa vitambulisho na hati za wakimbizi, wengi wetu tuliacha kumwomba jirani raia atuandikishie laini kwa jina lake.

Basi hatukuja kuitukana mashine. Tumekuja kusema kwamba mashine hujua kidole cha nani, lakini haijui kama yaliyoandikwa mbele ya kidole hicho ni kweli. Hayo aliyaandika karani, siku yenye foleni ndefu, akisikiliza lugha asiyoielewa vizuri. Kwetu Kongo mtoto hupewa jina lake mwenyewe, wala si lazima achukue la baba. Karani akitaka majina mawili ya ukoo mmoja, familia moja hutoka na majina matano yasiyofanana. Asiyejua tarehe yake ya kuzaliwa huandikiwa Januari 1. Tazameni hati zenu: katika nyumba nyingi, baba, bibi na mjomba wote walizaliwa mwaka mpya! Mkulima aliyeshika jembe miaka arobaini vidole vyake vimelika, na mashine humkataa. Mtoto aliyezaliwa baada ya uhakiki, kwa mashine, hayupo mpaka mtu amwandikishe, ingawa analia mgongoni mwa mama yake pale pale mbele ya dirisha.

Zamani kosa la namna hii lilikuwa usumbufu tu. Sasa ni sahani. Tangu Julai 2023 WFP iligawa wakimbizi wa Uganda katika mafungu matatu kwa kadiri ya shida zao, na fungu la tatu halikupewa chakula. Mwezi Mei 2025 msaada ulipopungua, WFP ilitangaza kwamba watu milioni 1 hapa Uganda wameondolewa kwenye chakula. Fedha zikipungua kompyuta haina la kufanya, hilo tunalijua. Lakini mjane akihesabiwa kuwa ana mwanamume mwenye nguvu nyumbani, kumbe mwanamume huyo alizikwa miaka miwili iliyopita, hiyo si habari ya wafadhili wa ng'ambo. Ni mstari mmoja katika daftari, nao ungeweza kusahihishwa.

Tusidhani kwamba haya ni ya wakimbizi peke yao. Wenyeji wetu Waganda nao yamewapata. Serikali yao ilikuwa ikiwapa wazee wenye miaka 80 na zaidi shilingi 25,000 kwa mwezi, na ili kuzipata mzee alihitaji kitambulisho cha taifa. Mwaka 2021 mashirika ya haki za binadamu yalitoa ripoti kuhusu wazee waliokosa fedha hizo kwa sababu hawana kitambulisho, au kwa sababu umri ulioandikwa ndani yake haukuwa umri wao. Mzee yumo kijijini, kila mtu anajua kwamba alikuwa mtu mzima siku ya uhuru mwaka 1962, lakini hati inasema bado ni kijana kwa fedha hizo. Hatujui mnaonaje; sisi tunaona kwamba shahidi wa kijiji anafaa kusikilizwa.

Kuna mahali walipofikiri vizuri zaidi. Jirani zetu Rwanda walianzisha Irembo mwaka 2015, ambapo raia huomba hati za serikali kwa simu au kompyuta. Kilichotupendeza si mtambo. Ni kwamba waliweka mawakala hata vijijini, ili mama asiye na simu aende kwa mtu, amweleze haja yake, naye amwandikie. Na tangu mwaka 2020 mtoto anayezaliwa kituo cha afya anaandikishwa pale pale, kabla mama hajarudi nyumbani. Kwa nini mtoto anayezaliwa katika zahanati ya kambi asiingizwe kwenye hati ya familia siku ile ile? Muuguzi yupo, mama yupo, mtoto yupo.

Uganda ina sheria ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu. Inampa mtu haki ya kujua yaliyoandikwa juu yake na kuomba yasahihishwe. Kwa hiyo ombi letu kwa ofisi zote zinazotuandika si la hisani. Tunaomba meza moja ya masahihisho, yenye siku inayojulikana, yenye mtu anayesema lugha zetu, naye ampe kila aliyeleta shida karatasi yenye tarehe. Namba ya simu ya bure ni nzuri, lakini asiyejua kusoma hushindwa kuthibitisha kwamba alipiga. Karatasi ataikunja na kuiweka katika kitambaa, na mwezi ukipita ataileta.

Nasi wazazi na walimu tuna sehemu yetu. Mtoto huitwa Baati shuleni, Bahati kwenye hati ya familia, na Bahati Espoir kanisani. Jina litakalopelekwa kwa ajili ya mtihani wa darasa la saba ndilo litakaloandikwa kwenye cheti, na kubadili cheti baadaye ni safari ndefu ya fedha na machozi. Msibadili jina la mtoto kwa sababu mmehamia shule nyingine. Msiandike mtoto wa jirani kuwa wenu ili fungu liongezeke. Siku akitaka kwenda sekondari atakuwa mtoto wa watu wawili.

Sisi walimu tumekubaliana kusoma majina ya darasa la sita na la saba kwa sauti mbele ya wazazi kabla orodha ya watahiniwa haijapelekwa. Tutakuwa shuleni kila Jumamosi asubuhi, saa tatu hadi saa sita, kwa majuma manne yajayo. Njooni na hati ya familia yenyewe, si nakala, na mtoto mwenyewe aje.