JUA LETU, CHAPA YETU
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi)



Kamati imeniomba niwaeleze kazi ya kupiga chapa fulana na vitambaa kwa wavu na mwanga wa jua. Nitasema kwa ufupi, maana wengine wetu wanaingia zamu ya usiku.

Kwanza, sababu. Mwaka mmoja tulipeleka vitambaa vyetu kwa mpiga chapa mmoja mjini, viwe tayari kwa Sikukuu ya Wafanya Kazi, tarehe 1 Mei. Alipoyasoma maneno yetu juu ya malimbikizo ya mishahara aliogopa, akaturudishia vitambaa vitupu siku mbili kabla ya maandamano. Tulipita mbele ya watu kama mabubu. Ndugu, chama kisichoweza kuchapa neno lake husema kwa ruhusa ya mtu mwingine.

Sasa kazi yenyewe. Tengeneza fremu ya mbao, kama ya dirisha dogo. Vuta juu yake kitambaa chembamba cha nailoni, chenye nyuzi kama 43 kwa kila sentimeta, ukipigilie misumari midogo mpaka kikaze kama ngoma. Huo ndio wavu. Ukilegea, herufi zitapinda.

Halafu ingia chumba kilichozibwa madirisha, chenye taa ya manjano hafifu. Paka wavu ile dawa inayogeuzwa na mwanga, nyembamba, pande zote mbili. Ulaze gizani mpaka ukauke kabisa.

Maneno yako yaandike kwa wino mweusi mzito juu ya plastiki inayopitisha mwanga. Asiye nayo aandike kwenye karatasi nyeupe, kisha aipake mafuta ya kupikia. Ukiwa bado gizani, laza fremu kifudifudi juu ya kitambaa cheusi. Weka maandishi juu ya wavu yakiwa yamegeuzwa, yasomeke kinyume, na juu yake kioo, visiachane hata kidogo. Funika kwa kadibodi, toka navyo nje saa sita, kisha funua.

Siri ni hii: dawa iliyopigwa na jua huwa ngumu, haitoki kwa maji, iliyofichwa na wino mweusi hubaki laini. Rudi ndani, oshe wavu kwa maji baridi, na ile laini itatoka. Mahali pake patabaki pa wazi kwa umbo la herufi zako, na rangi itapita hapo tu. Ivute rangi kwa ubao wenye mpira ukingoni, mara moja, kwa nguvu. Rangi ya maji ikikauka kwenye kitambaa, ipige pasi ya moto. Wavu uoshwe papo hapo.

Mtauliza, dakika ngapi juani? Jua la Mombasa saa sita si jua la Limuru penye ukungu. Basi jaribuni wavu mdogo, mkiufunua sehemu kwa sehemu, kila sehemu ikizidi nyingine kwa dakika moja. Mkiuosha mtaona ipi imeshika vizuri. Andikeni katika daftari la tawi.

Hapa nasema kwa nguvu. Mwaka 1839 Mskoti Mungo Ponton aligundua kwamba bikromati ya potasiamu hugeuzwa na mwanga, na kwa miaka mingi wapiga chapa waliichanganya na gundi. Dawa hiyo hula ngozi, tena huleta saratani. Siku hizi iko dawa ya diazo isiyo na sumu hiyo. Nunueni hiyo, na vaeni glavu. Hatuwezi kudai usalama katika karakana huku tukiwaumiza wenzetu nyumbani.

Wafanya kazi wa Ufaransa walipogoma Mei 1968, wanafunzi na wasanii walikiteka chuo cha sanaa cha Paris, École des Beaux-Arts, wakachapa kwa wavu matangazo ya kuunga mkono mgomo. Kila mchoro ulijadiliwa kwanza katika mkutano wa wote. Polisi waliwatoa mwezi wa Juni, lakini matangazo yalikuwa yamekwisha enea mji mzima. Nasi tufuate desturi hiyo: maneno yakubaliwe na wanachama kabla ya kuonyeshwa jua.

Napendekeza kila tawi lichague watu wanne, wawili wao wanawake, wajifunze kazi hii na kuwafundisha wengine. Fundi mmoja akihamishwa kituo, chapa isihamishwe naye.

Umoja ni nguvu.