Mwili Unakumbuka Vita



Tulipokimbia, tuliacha mashamba, nyumba na hata makaburi ya wazazi. Lakini mwili tulikuja nao, na mwili unakumbuka vita. Bati likigongwa usiku, moyo unapiga mbio. Mtoto akilia, baba anafoka. Mimi nilikuwa baba huyo.

Leo nazungumza juu ya yoga, mazoezi ya mwili na pumzi yaliyoanza India zamani sana. Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa uliweka tarehe 21 Juni kuwa siku yake. Haidai pesa, mkeka unatosha. Wala haimlazimu mtu kubadili dini.

Keti, mgongo wima. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe polepole hadi 6. Endelea dakika 5. Pumzi inapotoka taratibu, moyo unapunguza mwendo. Kisha nyoosha mikono, mabega na mgongo. Mama anayebeba kuni na maji atasikia nafuu. Ukisikia maumivu, acha. Mwenye mimba au presha amuulize kwanza muuguzi. Ukifumba macho na vita vikarudi, yafumbue.

Yoga haileti chakula, wala si badala ya dawa. Lakini ukiizoea kila siku, usingizi unaweza kurudi. Viongozi, tuijaribu kabla ya kikao: mwenye pumzi tulivu husikiliza kabla ya kujibu. Amani yetu ianzie hapo.